Kuvua samoni kutoka ufukweni, Puget Sound

Ukiwa unaishi Seattle, Kent au Tacoma, au unakwenda kuwatembelea ndugu huko jimboni Washington mwezi Agosti, huhitaji kukodi boti ili uvue samoni. Kuna samoni mdogo aitwaye pinki anayepita karibu kabisa na ufukwe, makundi kwa makundi, na mtu aliyesimama kwenye changarawe humfikia kwa kurusha ndoana tu. Kwa safari ya marafiki, tena yenye watoto na chupa za chai, sioni sababu ya kutafuta kingine.

Ila angalia mwaka. Pinki huishi miaka miwili tu: huanguliwa mtoni, hushuka baharini, hurudi mtoni kutaga, kisha hufa. Hakuna anayewahi wala anayechelewa, kwa hiyo kizazi cha miaka ya witiri hakichanganyiki na cha miaka ya shufwa, na katika Puget Sound, yaani bahari ya huko Seattle na Tacoma, kile cha witiri ndicho kikubwa. Walikuja 2023, wakaja 2025, na 2027 ni zamu yao tena. Wengi hupita kuanzia katikati ya Agosti hadi mwanzoni mwa Septemba. Miaka ya shufwa, subiri Septemba uvue samoni aitwaye koho, ambaye ni mkubwa zaidi na mkaidi zaidi.

Sheria kwanza. Leseni hutolewa na idara ya samaki na wanyamapori ya jimbo, WDFW, na huhesabiwa kuanzia Aprili 1 hadi Machi 31. Kuanzia umri wa miaka 15 kila mtu lazima awe nayo, hata anayevulia gatini. Mgeni anaweza kununua ya siku chache. Aliyekwisha kuishi jimboni siku 90 mfululizo na kufanya makao yake huko hulipa bei ya mkazi, ambayo ni nafuu. Pamoja na leseni kuna kadi ya kuandikia samaki, na hii hata mtoto mdogo anayevua samoni lazima awe nayo. Ukimpata samaki wa kuchukua, unaandika papo hapo, kabla hujarusha tena. Usiseme utaandika garini. Na samaki huyo hauzwi, hata kwa jirani.

Bahari imegawanywa kwa namba: 10 ni Seattle na Bremerton, 11 ni Tacoma na kisiwa cha Vashon, na kadhalika. Kila eneo lina siku zake za kufunguliwa na idadi yake ya samaki, na mabadiliko ya dharura hutangazwa katikati ya msimu. Asubuhi ya safari, fungua tovuti ya WDFW usome eneo lenu. Usitegemee alichosema rafiki aliyekwenda wiki iliyopita.

Ndoana ya samoni baharini iwe ya ncha moja, na ile miba midogo inayozuia samaki kuchomoka iwe imebanwa kwa koleo hadi ilale. Sababu yake ni kwamba samaki wengine lazima warudishwe wakiwa hai, hasa chinuki, samoni mkubwa kuliko wote. Chinuki wa Puget Sound waliwekwa mwaka 1999 kwenye orodha ya serikali ya Marekani ya viumbe walio hatarini.

Kwa hiyo lazima ujue nani ni nani. Tazama mkia na fizi. Pinki ana madoa makubwa marefu mgongoni na kwenye mkia mzima, na magamba yake ni madogo sana. Koho ana madoa upande wa juu tu wa mkia, na fizi zake zimepauka. Chinuki ana madoa mkia mzima, lakini fizi ni nyeusi. Kisha tazama mgongoni, karibu na mkia: samoni aliyefugwa akiwa kifaranga hukatwa pezi dogo lililo pale. Kanuni ya eneo ikiruhusu waliokatwa tu, mwenye pezi hilo ni wa porini na haguswi. Ukiwa na shaka, mwache majini, mtoe ndoana bila kumwinua, aende zake.

Mahali? Lincoln Park iliyoko West Seattle ni nzuri kwa familia, ingawa kutoka maegesho hadi ufukweni ni mwendo. Browns Point na gati la Dash Point, karibu na Tacoma, hupitiwa na pinki wanaoelekea mto Puyallup. Point No Point, penye mnara wa taa, kina kirefu kiko karibu sana na nchi kavu na mkondo una nguvu. Hapo watoto wasikaribie maji.

Aliyekulia Mombasa au Bagamoyo asidhani maji ya huko hujaa na kupwa kama ya kwao. Hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, sawa, lakini kupwa kumoja huweza kuwa kwa chini sana na kwa pili kukawa kidogo tu. Angalia jedwali la siku hiyo, uchague saa ambazo maji yanatembea, na ikiwezekana ziangukie alfajiri. Mwezi Agosti jua huchomoza kama saa kumi na mbili asubuhi. Uwe umeshasimama mahali pako.

Vifaa si vingi: fimbo ya kuvulia ya kama mita mbili na nusu, mshipi wa kuhimili ratili 10 au 12, na chambo bandia cha rangi ya waridi. Kwa nini rangi hiyo, wavuvi hubishana; inavutia, basi. Utawaona pinki wakirukaruka. Rusha mbele ya kundi, si katikati yake, kisha vuta polepole huku ukiinua fimbo na kuishusha. Kabla ya kurusha geuka utazame nyuma, kwa sababu msimu ukichanganya watu husimama bega kwa bega, na ndoana ikishika sikio la mtu safari imekwisha. Miwani si pambo. Jirani akishika samaki, wengine huvuta mishipi yao kumpisha.

Huenda mkaona nyavu za wavuvi wa makabila ya wenyeji wa asili. Wako kwenye haki yao: mikataba ya 1854 na 1855 iliwahifadhia uvuvi wao, na mwaka 1974 jaji George Boldt aliamua kuwa wana haki ya nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa. Msimu wa kila mwaka hupangwa na jimbo pamoja nao. Rusha mbali na nyavu zao.

Nyama ya pinki ni laini na huharibika upesi, na hapa ndipo wengi hupoteza kitoweo. Mpige kichwani kwa kirungu, kata matamvua damu itoke, mtumbue, mlaze kwenye barafu saa hiyohiyo. Ndoo ya maji ya bahari juani haitoshi. Nyumbani kuchoma, kukausha kwa moshi au kupaka kwa nazi, vyote vinamfaa. Anayetaka kumla mbichi kwanza amgandishe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri siku saba kamili, maana samoni huwa na minyoo, na friza nyingi za nyumbani hazifiki baridi hiyo. Kipimajoto kidogo cha friza kitakuonyesha.