SOMO LETU: TUMBEBE MGONJWA BILA KUUMIZA MGONGO



Mara nyingi tunazungumza juu ya malaria na kuhara. Leo tuzungumze juu ya mgongo wa yule anayembeba mgonjwa kwenda kituo cha afya. Wengi wetu tumekua tukiona wagonjwa wakibebwa: Burundi kwa ingobyi, Kongo kwa kipoyi, na hapa kambini kwa machela. Kazi ni ileile, na hatari ni ileile.

Usiku mmoja wa mvua tuliitwa kumchukua mama aliyeshikwa na uchungu. Tulikuwa wawili tu. Tuliona aibu kusubiri wengine, tukainua. Mimi nilishika upande wa kichwa. Njiani niliteleza, nikapinda kiuno ili machela isianguke, nikasikia maumivu kama ya kisu. Mama alifika akajifungua salama, tunamshukuru Mungu. Lakini kwa wiki tatu sikuweza kuinua hata ndoo ya maji, na wagonjwa wa zoni yetu wakakosa mbebaji.

Kwa nini mgongo huumia?

Uti wa mgongo una pingili za mifupa, na kati ya pingili kuna visahani laini. Ukiinua huku umeinama, au ukipinda kiuno huku umebeba, misuli inaweza kuchanika kidogo. Kisahani nacho kinaweza kutokeza na kubana mshipa wa fahamu. Tena, mzigo ulio mbali na mwili huulemea mgongo kuliko ule ulio karibu.

Tupige hesabu

Mgonjwa ana kilo 60 na machela ina kilo 8, jumla kilo 68. Wakibeba watu 2, kila mmoja ana kilo 34. Wakibeba 4, kila mmoja ana kilo 17. Mwaka 1991 taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini ilishauri mtu mmoja asiinue zaidi ya kilo 23, hata pale mzigo ukiwa karibu na mwili na umeshikika vizuri. Kwa hiyo watu wawili hawatoshi, hata wakiwa na nguvu.

Hatua za kufuata

1. Iteni watu wanne. Wenye nguvu zaidi wakae upande wa kichwa, kwa sababu kifua na kichwa ni vizito kuliko miguu.
2. Mmoja atangulie kuangalia njia: matope, mitaro, kamba za kuanikia nguo. Usiku abebe tochi.
3. Simama karibu na machela, miguu ikiwa imeachana. Chuchumaa kwa kukunja magoti, mgongo ukiwa umenyooka.
4. Kiongozi mmoja ahesabu "moja, mbili, tatu", na wote muinue pamoja kwa nguvu za mapaja.
5. Ukitaka kugeuka, geuza miguu, usipinde kiuno.
6. Ukichoka, sema. Shusheni kwa kuhesabu vilevile, kisha mbadilishane upande.

Ukiwa umeumia

Usilale kitandani siku nyingi; tembea polepole na uache mizigo mizito hadi upone. Lakini ukiona mguu unakosa nguvu, ganzi sehemu za siri, au unashindwa kukojoa au kuzuia mkojo, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Ndugu zangu, kumwita jirani wa tatu na wa nne si woga. Mbebaji akianguka, mgonjwa naye anaanguka, na wagonjwa wanakuwa wawili. Nawe jirani, ukisikia wito usiku, toka nje. Mikono yako miwili inapunguza mzigo wa wengine.

Maswali ya kujadili nyumbani
- Katika mtaa wetu, ni nani wanne wa kuitwa usiku?
- Machela iliyo karibu nasi iko wapi?

KINGA NI BORA KULIKO TIBA.