Matembezi ya Mama Kati ya Msitu na Magofu

SWALI: Naishi Kulamawe, Isiolo. Mama yangu ana umri wa miaka 63 na magoti yanamsumbua, ila anapenda kutembea. Kuna mahali penye njia tambarare, miti na majumba ya kale?

JIBU: Mpeleke Gede, karibu na Watamu, Kaunti ya Kilifi. Ni mji wa Waswahili uliohamwa katika karne ya 17, na msitu ukaumeza. Njia ni tambarare, chini ya kivuli. Mtapita msikiti mkuu, jumba la mfalme na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Mwache mama aguse kuta za matumbawe, aone visima na mizizi iliyokumbatia mawe. UNESCO iliiorodhesha Gede kuwa urithi wa dunia mwaka 2024.

Msitu wa Arabuko-Sokoke uko jirani, lakini una ndovu. Msiingie bila mwongozaji.

Nendeni asubuhi. Joto la pwani lina unyevu, si kavu kama la Isiolo, na humchosha mgeni haraka. Mama avae viatu vya kufunga, abebe maji na bakora yake.