Somo: Kuosha na Kuhifadhi Mipira ya Matone Kiangazi Kikiisha



Mvua za Machi na Aprili zikikaribia, kila mtu huku Trans Nzoia na Bungoma anafikiria kitu kimoja tu: mahindi. Mbegu, mbolea, ng'ombe wa plau. Ile mipira ya matone tuliyonyweshea sukuma wiki, managu na nyanya kiangazi chote inaachwa pale pale shambani. Nyasi zinaota juu yake. Siku ya palizi ndipo tunaikumbuka, na jembe limeshaikata.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Kikundi kimoja cha kina mama upande wa Kimilili kilichanga pesa za mzunguko kwa miezi mingi, kikanunua mipira ya ndoo. Mimi ndiye niliwafundisha kuilaza na kuifungulia maji. Kuihifadhi sikuwafundisha. Mvua iliponyesha waliikunja kama kamba, wakaitia guniani, na gunia likawekwa stoo ya mahindi nyumbani kwa mweka hazina. Desemba walipoifungua, panya wametafuna karibu nusu, na iliyobaki imeziba. Maneno yakaanza. Ati mweka hazina alipe, kwa sababu stoo ni yake! Mama yule akaacha kuja mikutanoni. Lakini ni nani alimpa kazi ile? Na ni nani alimwonyesha namna? Ilituchukua mikutano mitatu kumrudisha. Kwa hiyo somo hili ni deni ninalolipa.

KWA NINI MIPIRA INAZIBA?

Mipira ya ndoo ilienea Kenya miaka ya 1990, taasisi ya KARI (siku hizi ni KALRO) ilipoionyesha kwa wakulima wadogo. Ndoo ya lita 20 inainuliwa kama mita 1 juu ya ardhi, na maji yanashuka kwa uzito wake tu, hakuna pampu. Nguvu hiyo ni ndogo. Chembe ya udongo au ule utelezi wa kijani unaoota maji yakipigwa na jua vinatosha kuziba tundu. Na uchafu ukikaukia ndani miezi minane, hautoki tena. Ndiyo maana tunaosha kabla ya kuweka, si siku ya kutoa.

HATUA ZA KUFUATA

1. Chagueni siku moja kabla ya kupanda mahindi. Iandikwe kwenye kitabu cha kikundi. Mvua ikianza, hamtampata mtu.

2. Osheni ndoo na chujio kwanza, kwa burashi laini. Ukiacha ndoo chafu, unarudisha uchafu ule ule kwenye mipira.

3. Fungueni miisho yote ya mipira. Mimineni maji safi yaliyochujwa kwa kitambaa, mpaka yanayotoka mwishoni yawe meupe. Mmoja apite akifikicha mpira taratibu kwa vidole.

4. Kama kuna utelezi ndani, tieni vijiko 2 vya mezani vya dawa ya kufulia nguo nyeupe, kama Jik ya kawaida, katika lita 20 za maji. Jazeni mipira, fungeni miisho, acheni usiku mmoja. Asubuhi suuzeni vizuri kwa maji matupu. Angalieni: dawa hii isichanganywe kamwe na siki wala asidi yoyote. Hutoa hewa ya sumu. Na watoto wakae mbali.

5. Tundu lililoziba lisitobolewe kwa sindano. Likipanuka, mche mmoja utakunywa maji ya wenzake.

6. Inueni mpira kutoka upande mmoja hadi mwingine ili maji yote yatoke. Anikeni kivulini, si juani. Jua kali hufanya plastiki ikauke na kupasuka.

7. Zungusheni mpira kwa duara pana kama karai kubwa. Usiukunje wala kuubana kwa kamba nyembamba, kwa maana penye mkunjo ndipo utapasuka. Fungeni kwa vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli.

8. Panya ndiye adui mkubwa. Usiweke mipira pamoja na mahindi, maana panya akifuata mahindi ataipata na mipira. Itieni katika pipa lenye mfuniko wa bati, au itundikeni kwa waya katikati ya chumba, mbali na ukuta. Juu kidogo ya mipira, pitisheni waya katika bati lililokatwa duara kama sahani pana, panya asishuke. Isiwe jikoni juu ya moto, wala kugusana na mabati ya paa yanayochomwa na jua.

KAZI NI YA NANI?

Mipira ya kikundi isiwe mzigo wa mtu mmoja. Chagueni watu wawili wa nyumba mbili tofauti. Andikeni: mipira mingapi, urefu wake, mashimo mangapi, imewekwa wapi, na tarehe. Wote wawili watie sahihi mbele ya kikundi. Kila mwezi mwenyekiti aende nao kuitazama. Hapo ikiharibika, mtajua ni panya au ni uzembe, na hakuna atakayesingiziwa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mipira yetu iko wapi leo? Ni nani aliiona mara ya mwisho?
2. Tuliinunua kwa pesa ngapi, na ilituchukua muda gani kuzichanga?
3. Je, kuna mwenzetu tuliyemlaumu kwa kazi ambayo hatukumpa? Tutamwendea lini?

Kabla ya kufunga mkutano, chagueni siku ya kuosha na watu wawili wa kutunza. Msiondoke bila majina hayo kuandikwa kitabuni.