Mbwa wa Asiyeona na Teksi ya Muislamu

London ni mji uliomfungulia milango mgeni mwenye mbwa. Zamani haikuwa hivyo. Hadi mwaka 2000, mbwa aliyeingia Uingereza kutoka nje alitengwa karantini miezi 6 kwa kuhofia kichaa cha mbwa. Kuanzia mwaka huo utaratibu ulilegezwa, na leo mbwa mwenye chipu ya utambulisho, chanjo na hati zinazotakiwa kwa nchi anayotoka anaingia na mwenyewe bila karantini. Akishafika mjini, treni za chini ya ardhi zinampokea bila nauli, mradi awe amefungwa kamba na abebwe kwenye ngazi za umeme. Basi nalo humchukua kwa hiari ya dereva.

Sasa, miongoni mwa madereva wa teksi za mji huo wamo Waislamu wengi, wakiwemo ndugu zetu wa Afrika Mashariki. Hapo ndipo linapozuka suala letu la leo. Abiria asiyeona anasimama kando ya barabara na mbwa wake anayemwongoza. Dereva anasimamisha gari, anamuona mbwa, kisha anatikisa kichwa na kusema kuwa dini yake haimruhusu, anaondoka. Kesi za namna hii zimefika mahakamani Uingereza zaidi ya mara moja, na kila inapotokea Uislamu huonekana kuwa ndio uliomwacha kipofu barabarani. Je, ni kweli dini haimruhusu?

Sheria ya nchi inasemaje

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Mbwa wa kufugwa kwa starehe ni jambo moja, na mbwa aliyefundishwa kumwongoza asiyeona ni jambo jingine. Kwa yule wa starehe, dereva wa teksi London ana hiari ya kukataa, na akikataa kwa upole hana kosa.

Mbwa mwelekezi si hivyo. Mbwa hawa wanne wa mwanzo nchini Uingereza walimaliza mafunzo yao mwaka 1931 katika mji wa Wallasey. Kwa mwenyewe, mbwa huyu ni macho yake ya kuvukia barabara. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inamlazimisha dereva wa teksi kumchukua pamoja na mwenyewe, bila kuongeza nauli. Anayekataa anaweza kutozwa faini inayofika pauni 1,000. Anayesamehewa ni mwenye tatizo la kiafya aliyepewa cheti maalumu na mamlaka ya leseni. Dini haimo katika misamaha hiyo.

Fiqhi inasemaje

Sisi watu wa mwambao wengi wetu tumelelewa katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo yanamhesabu mbwa mzima kuwa ni najisi nzito. Msingi wake ni hadithi aliyoipokea Abu Huraira, kwamba chombo alichokilamba mbwa kioshwe mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa Mahanafi, kauli yenye nguvu ni kuwa mate yake ndiyo najisi, nywele zake ni safi. Imam Malik yeye anamuona mbwa kuwa ni safi, na kuosha kule mara saba ni ibada tu. Basi ijulikane kuwa wanazuoni wakubwa wametofautiana katika jambo hili.

Hata tukishikamana na kauli nzito ya Kishafii, fiqhi yenyewe inasema kikavu kikigusana na kikavu najisi haihami. Mbwa mkavu akilala kwenye sakafu kavu ya gari, hakuna kilichonajisika. Akiwa amelowa mvua, au akilamba mahali, basi paoshwe mara saba, moja kwa udongo. Wapo pia wanazuoni walioruhusu sabuni mahali pa udongo. Mbwa hawa kwa kawaida hulala chini, miguuni mwa mwenyewe. Dereva akitandika turubai sakafuni na kuweka nguo ya kuswalia pembeni, ibada yake imehifadhika. Hakuna mahali katika vitabu vya fiqhi paliposemwa kuwa najisi ikigusa kiti, mwenye kiti ametoka katika dini.

Wengine hutoa hoja ya hadithi kuwa malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Hadithi hiyo ni sahihi, lakini Imam Khattabi ameieleza kuwa inamhusu mbwa ambaye ni haramu kumfuga. Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Qur'ani, katika Suratul Maida aya ya 4, imehalalisha mawindo yanayokamatwa na wanyama waliofundishwa. Imam Nawawi akaona kuwa kauli sahihi zaidi ni kuruhusu kufuga mbwa wa kulinda nyumba, kwa kupima na hao waliotajwa. Ikiwa haja ya kulinda mali inatosha, je, haja ya kulinda roho ya asiyeona isigongwe na gari itakuwa ndogo?

Haki ya mja

Hapa ndipo penye uzito. Najisi ikikugusa unaosha, mambo yamekwisha. Lakini mtu uliyemwacha kwenye baridi, akakosa miadi yake ya hospitali kwa sababu yako, utamuosha kwa maji gani? Haki ya mja haitoki mpaka mwenyewe asamehe.

Tusisahau pia kuwa dereva aliyechukua leseni amefunga ahadi na mamlaka kuwa atabeba abiria kwa masharti yaliyowekwa. Suratul Maida inaanza kwa kuwaamrisha waumini kutekeleza mikataba. Asiyeweza sharti hilo yuko huru kutafuta kazi nyingine ya halali. Kuchukua leseni kisha kukataa sharti lake si uchamungu.

Tukumbuke vile vile Suratu Abasa. Abdullah bin Ummi Maktum (R.A.), sahaba asiyeona, alimjia Mtume (S.A.W.) wakati akizungumza na wakubwa wa Kikureishi, na aya zikateremka kumzindua Mtume kwa kukunja uso na kugeuka. Baada ya hapo sahaba huyo aliadhini na Bilal, na Mtume alimwachia usimamizi wa Madina alipokuwa safarini. Na imepokewa kuwa alipolalamika kuwa hana wa kumwongoza kwenda msikitini, bado aliambiwa aitikie adhana anayoisikia. Ikiwa asiyeona ana wajibu wa kufika, basi sisi tuna wajibu wa kutomfungia njia.

Waislamu wa Uingereza wameshaonyesha kuwa jambo hili linawezekana. Mwaka 2008, katika mji wa Leicester, kijana wa Kiislamu asiyeona aliruhusiwa kwenda msikitini na mbwa wake, baada ya wanazuoni wa Baraza la Shariah la Uingereza kutoa fatwa. Mbwa alitengewa mahali pake, hakuingia ukumbi wa sala. Tohara ya msikiti ikabaki, na kijana akaswali jamaa.

Huenda msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa akasema haya ni ya London. Basi tujiulize, kipofu mwenye fimbo akisimama kituoni jioni ya foleni, ni nani kati yetu anayemshika mkono mpaka ndani ya gari? Mbwa hayupo hapo, wala najisi. Kama hata huyo tunampita, tujue kuwa tatizo letu halikuwa mbwa.

Katika Bukhari na Muslim tunasoma habari za mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kiatuni mwake na kumnywesha mbwa aliyekuwa na kiu, Allah akamsamehe. Aliyemhurumia mbwa peke yake alipata msamaha. Vipi kuhusu atakayemchukua mbwa pamoja na mja wa Allah anayemtegemea?

Wallahu a'alam.