Picha zimejaa, bando dogo

SWALI: Napiga picha kwa kupenda tu: ndege wa msitu wa Pugu, watu wakigombea daladala jioni. Kompyuta yangu ya mtumba imejaa, na bado natumia Picasa. Nihamie programu gani?
Msomaji, Gongo la Mboto

JIBU: Ndugu yangu, Google waliachana na Picasa mwaka 2016. Weka digiKam. Ni ya bure, ukishaipakua inafanya kazi bila intaneti, na picha zinabaki kwenye mafolda yako mwenyewe. Mara ya kwanza itachukua muda kukagua picha zote. Iache usiku ijitafutie. Folda zipe majina yanayoanza na mwaka na mwezi, mfano “2025-03 Pugu”, zitajipanga zenyewe.

Kuhariri, Snapseed ya kwenye simu inatosha. Picha ya daladala ikitoka giza, pandisha vivuli kidogo tu. Ukizidisha, ngozi zetu zinageuka rangi ya majivu, na hilo naliona kila siku mitandaoni.

Google Photos? Bure ni GB 15, tena unagawana na barua pepe zako. Kwa bando letu, heri diski ya nje. Nakili kwanza, fungua picha kadhaa uhakikishe, ndipo ufute.