Picha Ipi Iingie Kwenye Mwongozo wa Programu

Mhudumu wa zahanati anayejaza ripoti ya mwezi kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa taarifa za afya, hasomi mwongozo kama asomavyo gazeti. Anatupia jicho karatasi, anarudi kwenye kompyuta, na wagonjwa wanamsubiri mlangoni. Anatafuta jibu la swali moja: nibonyeze wapi?

Picha ya skrini inayomjibu iwekwe. Isiyomjibu iachwe, hata kama inapendeza. Kuandika nywila hakuhitaji picha. Ila kwenye kuchagua kituo, fomu na mwezi, wengi hukwama, kwa sababu fomu haifunguki mpaka vyote vitatu vichaguliwe, nao hudhani mtandao umekatika. Picha moja hapo, yenye namba 1, 2 na 3 kando ya visanduku husika, itawasaidia kuliko aya nzima.

Usipige skrini nzima kisha ukaibana itoshe kwenye ukurasa. Maandishi yatakuwa kama sisimizi. Kata sehemu inayohusika, lakini bakiza ukingo kidogo msomaji ajue yuko upande gani wa skrini. Kitufe kilichokatwa peke yake hakina kwao.

Kumbuka pia mashine ya kopi. Miongozo mingi husambazwa kwa kopi zisizo na rangi, na mshale mwekundu ulioupenda hugeuka kijivu juu ya kijivu. Tumia namba kubwa na mistari minene. Usiandike "bonyeza kitufe cha kijani". Taja neno lililoandikwa juu yake. Wapo wasomaji wasiotofautisha kijani na nyekundu hata kwenye karatasi ya rangi.

Hifadhi picha kwa PNG, maana JPEG hutia ukungu kwenye kingo za herufi. Ukimtumia mwenzako kwa WhatsApp, itume kama faili, la sivyo itabanwa na kufifia.

Sasa lililo zito: majina ya wagonjwa yanayoonekana kwenye picha. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya 2019. Kwa hiyo piga picha kwenye akaunti ya mazoezi yenye majina ya kubuni. Usitegemee kufunika au kukata baadaye. Mwaka 2023 iligundulika kuwa programu ya kuhariri picha kwenye simu za Google Pixel ilikuwa ikiacha ndani ya faili baadhi ya sehemu ambazo mwenye simu aliamini amezikata.

Chini ya kila picha andika toleo la programu, kwa sababu vitufe huhamahama.

Kabla ya kuchapa, mpe mwongozo mtu asiyeijua programu hiyo. Kaa kando yake, usimwelekeze. (Ni vigumu kuliko unavyodhani.) Akisita, weka alama mahali aliposita: ama pamekosa picha, ama iliyopo inaonyesha kitu kingine.