Urubani wa Ndege za Kivita Hauuzwi

Ndugu mwananchi wa Ilala, soma kijitabu hiki kabla hujatuma hata shilingi moja.

Malalamiko yanayotufikia yanafanana. Kijana amemaliza kidato cha sita, anapigiwa simu na "afande" asiyemjua: zimebaki nafasi chache za urubani wa ndege za kivita. Inaombwa hela ya fomu, kisha ya vipimo, kisha ya sare, mwisho nauli ya kwenda chuo cha kijeshi Monduli. Barua inaletwa kwa WhatsApp ikiwa na nembo na mhuri, lakini jina la kijana limechapwa kwa herufi zisizofanana na maneno mengine. Hapo mzazi ameshauza cherehani.

Tunasema, na tutarudia: Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) halitozi fedha kuandikisha vijana. Anayekuomba hela ni tapeli.

Itazame kazi yenyewe. Ndege ya kivita ikikata kona kali angani, uzito wa rubani unaweza kufika mara 9 ya ule wa kawaida. Mtu wa kilo 70 anakandamizwa kama ana kilo 630. Damu inashuka miguuni, macho yanaingia giza, na asipokaza misuli na kupumua kama alivyofunzwa, anazimia usukani ukiwa mkononi. Ndiyo maana madaktari humpima kwanza moyo, macho, masikio na uti wa mgongo. Akipita, inafuata miaka ya darasani na ya ndege za mafunzo kabla hajakabidhiwa ya kivita, na wapo wanaoondolewa njiani. Nani atakuuzia hayo Kariakoo?

Uraia, umri, vyeti na mengineyo yamo katika tangazo rasmi la Makao Makuu ya Jeshi. Lisome mwenyewe.

Gwanda nalo si kitambulisho. Mwaka 2023 JWTZ lilitoa siku 7 raia wasalimishe mavazi yanayofanana na ya jeshi. Hata ukikutana na huyo "afande" jirani na kambi ya jeshi ya Ukonga, usitoe hela.

Ukiombwa hela kwa ujumbe wa simu, usibishane: tuma ujumbe huo kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli. Anayekuomba akiwa mtumishi wa umma, piga TAKUKURU 113, bure. Aliyekwishatuma hela afike Kituo cha Polisi Msimbazi leo, wala asifute ujumbe wa muamala, maana huo ndio ushahidi wake.